Podo la Mchungaji

Sijui Mchungaji alizaliwa wapi, na katika miaka kumi na minne ya kuishi naye jirani sikuwahi kumuuliza. Kwa mtu aliyejali uzazi wa watu wengine kiasi kile, wa kwake mwenyewe hakuwahi kuuzungumzia. Ninachojua ni kwamba siku alipohamia mtaani kwetu, pembeni mwa mji wa Bariadi, alishuka kwenye fuso na mke, magodoro matatu, kinanda cha betri na watoto watano. Nilisimama mlangoni kwangu nikiwahesabu wanavyoshuka. Nilipofika watano nikajiambia, haya, wameisha. Nilikuwa sijamjua.

Kanisa lake lilikuwa ghala la zamani la pamba. Nyuzi zilizobaki kwenye kenchi zilidondoka taratibu juu ya vichwa vyetu wakati wa sifa, na wageni walidhani ni upako. Mume wangu aliokoka pale mwezi wa pili tu baada ya ghala kufunguliwa, na mimi nikamfuata, kwanza kwa utii, baadaye kwa sababu ya kwaya. Kwaya ilikuwa nzuri kweli, nusu yake wakiwa watoto wa Mchungaji.

Somo lake lilikuwa moja. Alilivalisha nguo tofauti kila Jumapili, lakini ukilivua lilikuwa lile lile: zaeni. Lipo andiko linalofananisha watoto na mishale ndani ya podo. Wahubiri wengine hulitaja siku ya kuweka watoto wakfu, kisha huendelea na safari yao. Yeye alipofika pale alishuka, akajenga nyumba. Mwamini wa kweli, alisema, hapangi uzazi, maana anayepanga amemwambia Mungu kwamba mahesabu yake yana makosa. Alikuwa na kauli zake, fupi, za kubandikwa ukutani. "Dunia inapanga uzazi, sisi tunapanga viti." "Tusipozaa, kesho tutahubiria mabenchi." "Nesi ana sindano, Mungu ana ratiba." Watu walipiga makofi. Wanaume hasa. Sijui kwa nini wanaume walilielewa somo lile haraka kuliko sisi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo matunda ya mahubiri yalinifikia nikiwa na chaki mkononi. Sikumbuki mwaka ambao niliingia darasani nikakosa mtoto wake. Wale wa mwanzo walikuwa na majina ya kawaida ya watoto wa walokole: Neema, binti wa kwanza, kisha Baraka, kisha Ushindi. Baadaye mahubiri yakaingia mpaka kwenye vyeti vya kuzaliwa. Wa nane aliitwa Ongezeko. Wa tisa aliitwa Wingi. Wa kumi, wa kiume, mwenye macho makubwa na kamasi za kudumu, aliitwa Bado. Nilipomwandika kwenye rejesta ya darasa la kwanza, mwalimu mkuu aliirudisha mezani kwangu.

"Mwalimu, hapa hujamaliza kujaza."

"Nimemaliza."

"Umeandika 'bado'."

"Ndilo jina lake."

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Wa Mchungaji?"

"Wa Mchungaji."

Akasaini.

Siku ya kikao cha wazazi Mchungaji alikuwa na kazi ya kuhurumiwa. Wazazi wengine walikaa na mwalimu mmoja, wawili, wakaenda zao. Yeye aliingia darasa moja akatoka, akaingia la pili akatoka, mpaka saa saba mchana alikuwa bado anazunguka na daftari lake, jasho linamtoka, akiuliza hesabu za Wingi kwa mwalimu anayemfundisha Tumaini. Nyumbani hali ilikuwa ile ile. Akitaka kumtuma mtoto mmoja aliwapitia wote kwa mstari, "Neema, Baraka, Ushin... Furaha... wewe!" na yule aliyeitwa wewe alikimbia.

Alikuwa na pikipiki moja ya Kichina. Sisi huku kubeba abiria wengi kwenye pikipiki tunaita mshikaki, na kila mtu ameshapanda mshikaki, hata mimi na ualimu wangu. Lakini siku moja trafiki alimsimamisha karibu na stendi akiwa na watoto wawili mbele, watatu nyuma, na mmoja mgongoni kwa khanga kama mama mlezi. Nilikuwa nanunua nyanya hatua chache kutoka pale. Trafiki alizunguka pikipiki mara mbili.

"Mchungaji," akasema mwishowe, "huu si mshikaki. Hii ni kwaya."

"Ni baraka, afande."

"Basi shusha baraka nne zitembee."

Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya. Angenirahisishia sana kazi. Lakini ukweli lazima niuseme, ingawa unaniudhi: sijaona baba kama yule. Hakumpiga mtoto hata mmoja, katika mtaa ambao fimbo ilikuwa kama chumvi. Alfajiri ungemkuta bombani anafua nepi, suruali ameikunja mpaka magotini, anaimba. Wanaume waliokuwa wanapita kwenda kilabuni walimcheka, wakamuuliza kama mke wake ndiye mchungaji. Aliwajibu kwa kuwaalika ibadani. Jumamosi alikaa kizingitini, binti zake wakipanga foleni mbele yake, akawasuka nywele mmoja baada ya mwingine, ile misuko ya moja kwa moja kwenda nyuma tunayoiita twende kilioni. Hakujua mtindo mwingine. Wakati mume wangu alipovunjika mkono kule jineri, kiwandani kunakochambuliwa pamba, na shamba letu la choroko likawa limezama kwenye majani, Mchungaji alikuja asubuhi na watoto saba, kila mmoja na jembe lake. Saa nne walikuwa wamemaliza. Hawakunywa hata uji wangu. Nilisimama pembeni mwa shamba nikakiri kwamba jeshi la Bwana, likija na majembe, ni jeshi kweli.

Mtu pekee aliyewahi kumshinda kwa maneno alikuwa mzee mmoja wa upande wa pili wa korongo, mfugaji, mwenye wake watatu na ng'ombe wengi kuliko waumini wetu. Mchungaji alitamani sana kumwokoa. Alikwenda kwake Jumatano baada ya Jumatano, na Jumatano moja alituchukua mimi na Mama Mchungaji, mkewe, tukaimbe kidogo ili moyo wa mzee ulainike. Mzee alituletea viti, akatuletea maziwa ya mgando, akasikiliza wimbo mpaka mwisho kwa adabu.

"Sasa ng'wanone," akasema, maana alimwita Mchungaji mwanangu kwa Kisukuma chake, "unaniambia Mungu wako anapenda watoto wengi?"

"Anapenda sana, baba. Ni thawabu."

"Mimi ninao ishirini na wanane. Sikujua kama nampendeza hivyo."

"Lakini baba, wake watatu ni dhambi. Mungu anataka mke mmoja."

Mzee akakoroga maziwa yake kwa kijiti. Hakuwa anatania. Alikuwa anafikiri kweli.

"Kwa hiyo Mungu wako anataka watoto wale wale," akasema, "ila mke mmoja afanye kazi ya watatu?"

Nyuma yangu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia miaka yote ile: Mama Mchungaji anacheka. Alijaribu kuigeuza ikawa kikohozi, ikashindikana. Jumatano iliyofuata Mchungaji alianza huduma upande mwingine wa mji.

Na nesi wa zahanati yetu naye nimtaje. Serikali ya mtaa ilimtuma aje kanisani kueleza uzazi wa mpango, dakika ishirini tu, baada ya ibada. Wengine walidhani Mchungaji atamfukuza. Wapi. Alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha mbele, akaagiza apewe soda. Kisha akasema kabla mgeni hajazungumza tumwombee. Akamwombea yeye, mume wake, zahanati, friji ya chanjo, barabara ya kwenda zahanati, wizara nzima. Alipofika amina saa ilikuwa imekwenda, watoto wanalia njaa, watu wanachukua viatu. Nesi alikunywa soda yake, akaondoka na vipeperushi vyake vyote.

Nimecheka mpaka hapa, na nina haki ya kucheka, maana nililipia.

Mimi nilijifungua pacha kabla Mchungaji hajaja Bariadi. Kulwa alitoka mzima. Doto alichelewa, akatoka amekufa, na baada yake damu haikukata, wakanitoa kizazi. Binti yangu anaitwa Kulwa mpaka leo, na kila mgeni anayesikia jina lake huuliza Doto yuko wapi. Habari ya kizazi tuliijua watatu: mimi, mume wangu na mama yangu mzazi. Watu waliona tu nyumba yenye mtoto mmoja, miaka inapita.

Mchungaji naye aliiona. Jumapili ya kwanza ya mwezi mmoja alitangaza maombi maalumu. Akina mama wenye podo tupu, au lenye mshale mmoja tu, wasimame. Tulisimama watatu. Kanisa zima likageuka, mikono ikanyooshwa, sauti zikapanda. Nilisimama nimemshika Kulwa mkono, naye akaniuliza kwa sauti ya mtoto asiyejua kunong'ona, "Mama, tumefanya nini?"

Wiki ile nilikwenda nyumbani kwa Mchungaji. Nilimkuta sebuleni anashona mkoba wa shule. Nikamweleza yote, Doto, damu, kisu. Sikuwahi kumweleza mtu wa nje. Alinisikiliza vizuri. Alikuwa msikilizaji mzuri, hilo nalo halinisaidii. Kisha akaweka sindano chini.

"Mwalimu, Mungu hafungwi na kisu cha daktari."

"Mchungaji, kizazi hakipo. Kimetolewa."

"Aliyekiumba mara ya kwanza atashindwa mara ya pili?"

Utamjibu nini mtu kama huyo? Ukisema atashindwa, umekufuru. Ukisema hatashindwa, Jumapili usimame. Nikasimama. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, miaka sita. Mume wangu aliniambia nikae, nami nikamwambia kukaa ni kutangaza, watu watauliza kwa nini Mwalimu amekata tamaa. Mmoja wa wale wenzangu wawili alipata mtoto, kukawa na shangwe. Mwingine mume wake alioa mwanamke mwingine, akahama kanisa. Nikabaki nasimama peke yangu, nyuzi za pamba zinanidondokea, kanisa zima linaomba kwa machozi niote kiungo ambacho hospitali ilishakizika.

Katika miaka hiyo hiyo Mama Mchungaji alikuwa anazidi kuwa mwembamba. Si kwamba walilala njaa. Sufuria lao la kila siku lilikuwa la ukubwa ule ambao sisi tunaazima kwenye msiba, na halikukosa kitu, hata kama ni matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na chai ya rangi. Ila yeye alikuwa kama mshumaa. Baada ya wa nane nesi alimwambia asimame. Baada ya wa kumi alimwambia tena, safari hii akilia. Alasiri moja tulikuwa tunapepeta choroko uani kwangu, mimba ya kumi na moja ikiwa ya miezi saba, akaacha ungo katikati.

"Mwalimu, nimechoka mpaka mifupa."

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Hayo hayo. Kwamba umechoka."

Akatazama nyumba yake ng'ambo ya njia, ambako Bado alikuwa anamkimbiza kuku. "Wenzangu wakichoka ni wao na waume zao. Mimi tumbo langu ndilo mahubiri. Likisimama hili, atasema nini Jumapili?"

Hakuwa analalamika. Alikuwa anauliza, kama mtu anayeuliza bei. Nikamrudishia ungo mkononi, tukaendelea kupepeta.

Uchungu ulimshika siku ya gulio, saa tano asubuhi. Mtoto alitoka kwa urahisi pale zahanati, wa kike, analia vizuri. Kisha damu ikaanza. Nesi yule yule aliyerudi na vipeperushi vyake ndiye aliyempakia kwenye bajaji, akapanda naye, mkono umebana tumbo njia nzima mpaka hospitali mjini. Mimi na Mchungaji tuliwafuata kwa pikipiki, nami nikiwa nimembeba kichanga. Ni mara pekee niliyoiona ile pikipiki ikiwa na abiria wachache.

Daktari alikuwa binti mdogo, mwenye miwani, umri labda kama wa mwanangu wa kwanza kama ningempata mapema. Alitoka na karatasi.

"Baba, kizazi kimegoma kujikaza. Dawa tumeshampa zote. Tunatakiwa kukitoa sasa hivi."

"Hakuna njia nyingine?" Mchungaji akauliza.

"Ipo. Uende ukatafute jeneza."

Alimpa kalamu. Mchungaji akaishika kama mtu aliyesahau kuandika. Midomo yake ilikuwa inacheza, sijui anaomba, sijui anajadiliana. Mahubiri ya miaka kumi na miwili yalikuwa yamesimama nyuma yake kwenye korido ile. Daktari aliangalia saa ya ukutani, kisha akaniangalia mimi, kama kwamba mimi ndiye niliyemleta.

Mchungaji akanigeukia. "Mwalimu. Ulipokuwa wewe, nani alisaini?"

"Mume wangu."

"Alichukua muda gani?"

"Hakuisoma hata hiyo karatasi."

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Akainama juu ya meza, akasaini, na jina lake likatoka nje ya mstari likapanda juu ya nembo. Kisha akakaa chini sakafuni, mchungaji mzima na suti yake ya kahawia, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto. Mimi nilikwenda maabara nikatoa damu. Ilikubali. Vijana watatu wa kwaya walikuja nao wakatoa. Kwa hiyo ndani ya Mama Mchungaji inatembea damu ya mwanamke mwenye podo la mshale mmoja, na sijasikia kwamba imemdhuru.

Alipozinduka kesho yake mumewe alikuwa ameshaandaa jina la mtoto. Alilitaja kwa sauti ndogo, bila nguvu za madhabahuni: Jeshi. Mama Mchungaji hakufungua hata macho.

"Anaitwa Pumziko," akasema.

Hakuna aliyebishana.

Jumapili iliyofuata ghala lilijaa mpaka nje. Kila mtu alitaka kusikia atasema nini. Alipanda madhabahuni, akafungua daftari, akahubiri saa moja na dakika ishirini juu ya umuhimu wa kuwahi ibadani. Nilidhani nitacheka. Nikatazama chini, nikaona mikono yangu imeshikana kwa nguvu. Mwezi ulipoisha ikafika Jumapili ya kwanza, na ule wakati wa akina mama kusimama ukafika, ukapita. Hakutangaza kwamba umefutwa. Hakueleza. Alitaja wimbo unaofuata tu.

Shida ni kwamba alikuwa ametufundisha vizuri mno. Waumini walianza kunong'ona kwamba Mchungaji amekubali kisu, kwamba imani yake iliishia kwenye mlango wa hospitali. Mzee wa kanisa mmoja, mwenye watoto tisa na mke ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, alisimama kwenye kikao akamsomea Mchungaji maneno ya Mchungaji mwenyewe, yale mafupi ya kubandikwa ukutani, moja baada ya jingine. Mchungaji alisikiliza mpaka mwisho. "Ni kweli niliyasema," akajibu, na hakuongeza kitu. Nusu ya kanisa ilihama na mzee yule, wakaanzisha lao kwenye ghala jingine, lenye spika kubwa zaidi. Miaka miwili baadaye Mchungaji alipakia kwenye fuso mke, watoto waliokuwa bado nyumbani, na kinanda ambacho sasa hakikuwa na betri, wakahamia Meatu. Hatukuagana vizuri. Nilikuwa shuleni. Au niseme ukweli: nilibaki shuleni.

Mwaka jana nilipelekwa Mwanhuzi, huko huko Meatu, kusimamia mtihani wa darasa la saba. Kule ni kukavu, ardhi nyeupe, ng'ombe wanatembea mbali kutafuta maji. Mtihani ulipokwisha nilikuwa nimekaa nje ya duka nakunywa maji, nikasikia mtu anasema, "Mwalimu," nikamjua kabla sijageuka. Alikuwa na baiskeli, na nywele zimekuwa nyeupe zote. Alinisalimia kwa kuinama kidogo, jambo ambalo zamani hakuwa nalo. Akasema Mama hatamsamehe akisikia nimefika nikaondoka bila kufika kwao.

Mama Mchungaji alikuwa amenenepa. Nilimshangaa kama mtu anayeona nyumba imepakwa rangi. Alinikumbatia muda mrefu, akaniita dada wa damu, akacheka mwenyewe. Neema alikuwepo, yule binti wa kwanza, amekuja kuwatembelea kutoka Busega na mtoto wake wa miaka minne. Mchungaji alimpakata mjukuu, akanieleza kwamba Neema na mumewe wamesema huyu anawatosha kwanza.

"Na wewe ulisemaje?" nikamuuliza.

"Niliuliza kama chai iko tayari."

Baadaye wanawake waliingia jikoni, tukabaki wawili chini ya upenu. Alikuwa na kanisa dogo pale, watu thelathini hivi, na mbuzi, na shamba la mtama. Tuliongea habari za mvua. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Mwalimu, yale maombi. Niliyokuwa nakusimamisha. Nilikuwa sijui."

Miaka mingi nilikuwa nimeandaa hotuba kwa ajili ya siku ile. Ilikuwa na sehemu tatu na sentensi kali sana. Yote haikuja. Lililokuja ni neno moja tu.

"Ulikuwa unajua. Nilikuja kwako nikakwambia."

Jikoni mtu alikuwa anasonga ugali, tukasikia mwiko unagonga sufuria.

"Ndiyo," akasema. "Ulikuja na Kulwa. Alikalia lile stuli la bluu. Nilijua." Akapangusa uso kwa kiganja. "Nilijua hata wakati nakujibu. Niliona nikikubali kwamba lako limeisha, na Mungu hajakasirika, na wewe ni mzima, basi nyumbani kwangu wangeniuliza maswali. Mama Neema angeniuliza. Kwa hiyo nikakuacha usimame."

"Miaka sita."

"Miaka sita." Sasa alinitazama. "Naomba unisamehe."

"Nimekusikia, Mchungaji."

"Hujasema umenisamehe."

"Sijasema."

Akatikisa kichwa kukubali. Hakuniwekea mkono, hakutaja andiko. Mama alileta maji ya kunawa, tukala, na nikala vizuri, sitaficha.

Asubuhi alinisindikiza mpaka stendi, mfuko wangu kwenye kerea ya baiskeli. Nilipanda, nikakaa dirishani. Gari lilipowashwa akagonga kioo, nikafungua.

"Hata usiponisamehe," akasema, "uniombee."

"Nitakuombea," nikamwambia. "Ila kwa kifupi."

Akacheka, kichwa nyuma, mkono kwenye baiskeli, akacheka mpaka abiria wakamtazama. Mimi nilisubiri gari likate kona ndipo nikacheka, asije akadhani mambo yameisha.